Herufi Moja Kwenye Ngoma

Burslem, Stoke-on-Trent
Jumanne, 15 Oktoba 2024

Mdogo wangu mpendwa Lynette,

Pokea salamu za kaka yako, nyingi kama vikombe vilivyopita mikononi mwangu kiwandani. Habari za huko Adelaide? Shemeji Graham mgongo unamwendeaje? Na wajukuu wamefikia wapi kwa urefu? Mimi huku mzima. Magoti yanalia kama mlango wa kanisa, lakini mikono, Lynette, mikono ni ile ile. Muulize yeyote.

Najua umeshautazama mwandiko huu ukashtuka. Barua zangu zote zilikufikia kwa mkono wa marehemu mke wangu Beryl, herufi zimelala upande mmoja kama majani yaliyopitiwa na upepo. Tangu afariki umepata simu tu, na kwenye simu mimi ni hodari wa maneno, ila hili la leo halipiti kwenye simu, nimejaribu mara mbili nikaishia kukueleza habari za mvua. Basi hizi herufi zilizosimama kama meno mabovu ni zangu mwenyewe. Nimekaa siku kumi na moja na barua hii. Isome polepole kama nilivyoiandika, na usiruke kwenda mwisho. Nakujua.

Habari kubwa kwanza. Bendi imerudi.

Tulimzika Dougie, mpiga besi wetu, mwaka juzi. Baada ya mazishi tukawa tunakunywa chai kwake, wazee watatu tumebana makalio kwenye kochi moja: mimi, Roy Colclough wa gitaa, na Keith Machin mwimbaji. Unamkumbuka Keith, nywele za kijani zimesimama kama upanga wa jogoo? Sasa hana hata unywele mmoja, kichwa kinang'aa kama sahani iliyotoka tanuruni. Tukawa tunasema yale ya msibani, kwamba ingekuwa vizuri kama tungepiga naye tena. Pauline, mjane wake, akaweka birika mezani kwa kishindo. Akatuita waoga. Akasema mume wake amekaa miaka thelathini akingoja mmoja wetu anyanyue simu, na sasa tumekuja kumlia keki. Kisha akaingia chumbani akatoka na lile besi la Dougie, akalipiga pale pale amevaa nguo nyeusi za kufiwa. Kumbe kila Dougie alipokwenda kazini, mwenzake jikoni alikuwa anajifunza. Ana miaka sitini na sita, na anapiga kumzidi marehemu. Mungu anisamehe, lakini marehemu mwenyewe alijua.

Tukaanza mazoezi kwenye gereji ya Roy. Daktari aliniambia mtu wa umri wangu asipige ngoma kwa nguvu. Nikamuuliza, zinapigwaje vinginevyo? Onyesho la kwanza tulipiga Leek, la pili Crewe, yote saa tisa alasiri, maana mashabiki wetu ikifika saa mbili usiku wanataka blanketi. Ungewaona! Zamani walitutemea mate kwa mapenzi, ndiyo ilikuwa adabu ya muziki wa panki. Siku hizi mtu akikukanyaga anakuomba radhi. Kule Crewe bwana mmoja mwenye nyonga ya chuma aliruka wimbo mzima bila kupumzika, kisha akakaa chini, akainuliwa na watu wanne, akasema hajawahi kuwa na furaha namna ile tangu alipomwacha mke wake wa kwanza. Na gazeti likaandika kwamba mpiga ngoma wa Hasara anapiga kama mtu anayevunja mlango wa nyumba yake mwenyewe. Nilimfanya Roy anisomee mara tatu, kwa kisingizio cha kelele.

Ndiyo, jina ni lile lile. Hasara. Na kila mahali nilikoulizwa limetoka wapi, nimejibu kama nilivyojibu miaka arobaini na saba: nimelibuni mimi, Mervyn Bloor. Walikuja hata watu wa chuo kikuu na kinasa sauti. Nikawaambia kwamba siku zile kila bendi ilijiita Hasira au Ghadhabu au Vurugu, mimi nikaona mbali zaidi, nikajua hasira huisha ila hasara hubaki. Wakatikisa vichwa, wakaandika. Na hapa kwetu hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kila mtu aliyefanya kazi kwenye vyombo vya udongo alilijua lile sanduku la mbao mlangoni mwa tanuru, limeandikwa HASARA kwa rangi nyeupe, tulikotupia vikombe vilivyopasuka na sahani zilizopinda. Watoto wa kiwandani waliposikia kuna bendi yenye jina la sanduku lao, walikuja mbio. Walisema, hao ni sisi.

Usicheke, Lynette. Au cheka tu, unayo haki.

Onyesho la tatu likapangwa hapa nyumbani, klabu ya wafanyakazi, Jumapili ya mwisho ya Machi. Sasa Leek ni Leek, lakini nyumbani ni nyumbani. Nyumbani ndiko wanakojua ulikuwa unapenga kamasi kwa mkono gani. Roy akataka kushughulikia mabango. Nikakataa. Nikamwambia aliyelizaa jina ndiye atakayelivisha nguo. Akanijibu kwamba hata mbuzi huzaa. Nikaenda.

Duka la kuchapa liko Tunstall, na anayefanya kazi zote ni mama mmoja wa miaka hamsini hivi, Parveen, mtu wa Longton, mpole, miwani yake inaning'inia kwa kamba shingoni. Hakuwahi kutusikia maishani, na hilo nililiona kuwa kosa lake. Nikampa karatasi niliyoiandika kwa kunakili huku na huku: jina kutoka kwenye ngoma, tarehe kutoka kalenda, klabu kutoka kwenye risiti yao. Nilirudi baada ya siku mbili. Akaniwekea mezani bango la kwanza kabla ya kuchapa mengine. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mzee wangu, maneno yalikuwa yamepindapinda kidogo, nimeyanyoosha. Liangalie jina hasa, kuna herufi moja niliyoikisia, kabla sijaendelea."

Nikajipapasa mifukoni. Nikasema nimesahau miwani.

Lynette, wewe unajua macho yangu. Naweza kuona njiwa akinya kwenye dohani mtaa wa tatu. Lakini hiyo miwani nimeisahau benki, posta, hospitali, na siku ya harusi yangu mbele ya kasisi. Basi nikalishika lile bango, nikaliangalia kwa muda ambao mtu msomi angeliangalia, nikasema, "Safi kabisa, mama," nikatia saini.

Mabango mia tatu. Tuliyabandika Ijumaa, mimi na Keith, kila mmoja mitaa yake, toka Tunstall hadi Fenton. Jumamosi asubuhi Roy akapiga simu. Alisema neno moja tu: njoo.

Tukakutana kwa muuza chapati za unga wa oti, wote wanne. Roy alikuwa amebandua moja, amelitandaza mezani kati ya chai na jibini. Nikaliangalia. Sikuona kitu. Nikasubiri mtu aseme, kama ninavyosubiri siku zote.

Pauline ndiye aliyesema. "Hasira ni bendi gani hiyo, Merv? Watatutangulia wao au tutawatangulia sisi?"

Keith, aliyebandika nusu ya mabango bila kusoma hata moja, akacheka hadi chai ikamtoka puani. Roy hakucheka. Akaniuliza kama nililiona kabla halijachapwa. Nikasema niliona. Akauliza niliona nini. Nikainuka juu juu, nikapandisha sauti, nikasema niliona HASARA kubwa kama basi, ni yule mwanamke wa dukani aliyebadilisha nyuma yangu, hajui kazi, kaniharibia. Yalinitoka mepesi, kama mate. Roy naye si mtu wa kungoja, akampigia mwenye duka pale pale. Tukamsikia mwenye duka akiwaka upande wa pili: kwamba Parveen alishaharibu kadi za harusi mwezi wa kwanza, kwamba alimwonya, kwamba sasa basi, Ijumaa ijayo ndiyo mwisho wake.

Roy akaweka simu chini. Keith, kwa aibu, akageuza sahani yake tupu kuangalia muhuri wa kiwanda nyuma, kama tufanyavyo sote hapa tukikosa la kusema. Na Pauline, anapaka chapati yake siagi wala haniangalii, akasema, "Siku zote kuna mtu, sivyo Merv? Safari ile alikuwa dada yako."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anakumbusha tu hadithi ya zamani. Lakini chapati ile niliimaliza bila kuisikia ladha.

Jumatatu nikaenda dukani. Nilijiambia nakwenda kuagiza mabango mapya. Parveen alikuwa peke yake, anapanga vitu vyake kwenye sanduku: kikombe, picha za watoto, sweta. Aliponiona hakunigombeza. Akafungua droo, akatoa lile bango la kwanza lenye saini yangu, akaniwekea mezani. Kumbe alikuwa nalo wakati wote. Angemwonyesha tajiri wake pale pale, shauri likaisha.

Nikamuuliza kwa nini hakulitoa. Akasema baba yake alitoka Mirpur akafanya kazi ya tanuru Longton miaka thelathini, na kila karatasi ilipoletwa kwake, miwani ilikuwa imesahaulika mahali. Alipokufa, walitaka kumhifadhia vitu vyake. Wakaitafuta ile miwani nyumba nzima. Haikuwahi kuwepo.

Akasema, "Sikuweza kumwaibisha mzee."

Mimi ni mkaidi, mdogo wangu, mama alisema nilizaliwa nikitanguliza miguu kwa ubishi tu. Lakini nilisimama pale nikakuona wewe. Umri wa miaka kumi na tano, sketi ya shule, umenyamaza.

Sasa ndipo tulipofika. Nilitaka kukuandikia juu ya onyesho tu, nilivyolipiga, lakini onyesho halina maana bila hili.

Mwaka ule wa sabini na saba, Roy ndiye aliyechagua jina. Hasira. Si mimi. Mimi nilipewa kazi ya kulichora kwenye ngozi ya ngoma kubwa kwa sababu brashi ya rangi nilikuwa nayo. Nikakujia jikoni, ukaniandikia kwenye karatasi ya daftari lako la hesabu, herufi kubwa, nzuri, zimenyooka. HASIRA. Ukaniambia nizifuate moja moja, nisikimbie. Nikaifuata H, nikaifuata A, nikaifuata S. Halafu mkono ukaacha karatasi ukaenda wenyewe. Maana neno moja nilikuwa nalijua maishani, neno moja tu, na nililijua kwa umbo, kwa kulitupia sahani siku nzima. Watu husema hasira hasara. Mimi peke yangu ndiye niliyeyaandika yote mawili kwa brashi moja.

Jioni ile Roy alipoiona ngoma alitaka kunivunjia shingo. Baba alikuwepo, Keith alikuwepo, Dougie naye, na majirani mlangoni. Na mimi nikasema, Lynette ndiye aliyeniandikia hivyo. Baba akataka karatasi. Nikasema nimeitia motoni. Akakugeukia, akasema ndiyo matunda ya kusomesha msichana, shule yote ile na neno moja limemshinda. Wewe uliniangalia. Ungesema jambo moja tu, kwamba kaka yangu hajui kusoma. Hukusema. Ukapanda ngazi ukaenda kulala bila chakula.

Baada ya wiki mbili watu wakaanza kulisifu jina, na mimi nikageuza hadithi kama mtu anavyogeuza koti. Likawa langu, la makusudi, la akili nyingi. Lawama nilikupa wewe, sifa nikachukua mimi. Na wewe ulibaki na nini? Ulibaki na jina. Mtaa mzima walikuita Hasara. Hasara anakwenda shule, Hasara kapata barua. Baba alikuita hivyo mpaka kitandani pake pa mwisho, aliniuliza, Hasara wetu yuko wapi, na ulikuwa umeshakwenda Australia, na sikumwambia hata hapo. Nilikuwa na nafasi, tulikuwa wawili chumbani. Nikamwekea mto vizuri, basi.

Na karatasi sikuichoma. Ilikuwa kwenye kiatu changu. Imekaa ndani ya sanduku la ngoma tangu siku ile.

Haya. Limeandikwa.

Siku ile ile ya Jumatatu nilimfuata mwenye duka mpaka kwake, nikamkuta anataka kula. Nikamwonyesha saini. Nikamwambia mama Parveen aliniuliza nikajibu, na kama kuna wa kufukuzwa kazi basi anifukuze mimi, ingawa mimi nimestaafu. Akauliza kwa nini nilitia saini kitu ambacho sikukisoma. Nikamwambia kwa sababu siwezi kusoma. Ni mara yangu ya kwanza kuyatamka hayo kwa mtu ambaye si Beryl. Nilidhani dari itaanguka. Akaniuliza kama ninataka chai. Parveen alibaki kazini.

Lakini deni lako lilikuwa la namna nyingine. Wewe nilikuvunja mbele ya watu, kwa hiyo isingetosha kunong'ona.

Jumapili ikafika. Klabu ilijaa hadi ngazini, mia nne na zaidi, wazee wa koti za ngozi zisizofunga tena tumboni, wamevaa pini masikioni, wengine wamekuja na wajukuu. Ukutani mabango yale yale ya HASIRA, maana nilikataa yasibadilishwe. Na mbele ya jukwaa ngoma yangu, ngozi ile ile, HASARA. Watu wakanyoosha vidole, wakataniana, wakauliza kama wamekosea ukumbi. Kabla ya wimbo wa kwanza Keith akaweka mdomo kwenye kipaza sauti, akasema, "Merv, hebu waeleze hawa jina limetokaje, kana kwamba hawajalisikia mara mia." Wakacheka. Alikuwa ananitania tu.

Nikainuka. Mpiga ngoma huwa hainuki, Lynette. Nikaja mbele. Nikatoa karatasi yako, nikainyanyua juu. Nikasema kwa sauti yangu yote, wala sikutaka kipaza sauti, kwamba mimi Mervyn Bloor sijui kusoma. Kwamba jina lilichaguliwa na Roy, likaandikwa sawasawa na dada yangu Lynette alipokuwa na miaka kumi na tano, likaharibiwa na mimi, na nikamsingizia yeye. Kwamba wale waliomwita Hasara, walimwita kwa kosa langu. Kwamba yeye alijua siku zote akanificha, na yuko Adelaide na hajawahi kunidai neno.

Hakuna mtu aliyewahi kusema ukweli kwa sauti kubwa namna ile katika klabu ile, hilo nakuhakikishia, na ile klabu imejengwa kabla ya vita.

Nikamgeukia Roy, nikidhani ataliweka gitaa chini aondoke. Midomo inamcheza. Akasema, "Miaka arobaini na saba nilidhani wewe ni mvivu tu wa kusoma mikataba." Pauline akapiga noti moja nene ya besi, ikatetemesha glasi zote kaunta. Na kutoka nyuma, yule bwana wa nyonga ya chuma, alikuwa ametufuata kutoka Crewe, akapaza sauti: Lynette! Mwingine akajibu: Lynette! Ikawa ukumbi mzima, miguu chini, ngumi juu, Lynette, Lynette, wanakuita kwa mdundo. Parveen alikuwepo mstari wa pili, amejitia pamba masikioni, anakuita na yeye. Ningefanya nini? Nilirudi kwenye ngoma nikaufuata mdundo wao. Ndiyo ulikuwa wimbo wa kwanza, jina lako, dakika nne nzima, na kama kuna mtu amewahi kupiga ngoma vizuri zaidi England hii, basi niletewe nimwone.

Tangu Aprili nakwenda maktaba kila Jumanne. Mwalimu ni mdogo kuliko binti yako, hanionei huruma hata kidogo. Amesema nina kichwa kigumu lakini kikishika hakiachii. Nikamwambia hiyo ndiyo sifa ya ukoo.

Msalimie shemeji Graham, mwambie alale chini pagumu, godoro laini ndilo linalomwua. Wabusu wajukuu, na kama wanajua lile jina ulilokuwa ukiitwa, waeleze lilikotoka, usinisitiri tena. Roy, Keith na Pauline wanakusalimu sana. Roy anauliza kama utakuja mwezi wa tano, tutapiga tena hapa hapa. Kiti chako kitakuwa mbele kabisa. Kama hutaki kuja kwa sababu yangu, njoo kwa sababu ya Pauline.

Karatasi yako nimeikunjia humu ndani. Angalia zilivyonyooka zile herufi.

Parveen alijitolea kuipitia barua hii kabla sijaifunga, aninyooshee maneno. Nilimshukuru nikakataa. Makosa yote yaliyomo humu ni yangu mwenyewe.

Kaka yako,
Mervyn